Maneno ya LaMamba Kinywani Mwangu

Mimi ni tarishi wa chifu wa Lukhasweni. Kazi hii nimerithi kwa baba, baba alirithi kwa babu, na kabla ya babu sijui, sikuuliza. Zamani ilikuwa kazi ya miguu. Chifu akitamka neno asubuhi, jioni boma la mwisho ng'ambo ya mto limeshalisikia, na mimi nina malengelenge. Siku hizi ni kazi ya kidole. Nabonyeza simu, nasema, naachia, basi. Magoti yamepona, tumbo limeota, na mke wangu LaNhleko, binti wa akina Nhleko, anasema sasa nalishwa bure. Mwache aseme, mdomo ni wake.

Baba alinifundisha kazi kwa fimbo. Tarishi haongezi, hapunguzi. Aliyekutuma akisema "mimi", na wewe unasema "mimi". Husemi "fulani kasema hivi na vile", maana hapo hufikishi ujumbe, unapiga umbea. Na jina la aliyekutuma hulitaji mpaka uulizwe. Ukimaliza, unanyamaza na kusubiri, mpaka mwenye boma aseme: "Nani amekutuma?" Hapo ndipo unataja. Sababu yake baba alinieleza mara moja tu. Alisema mtu akilisikia jina kwanza, masikio yake yanafunga au yanafunguka kabla neno halijafika. Acha neno liingie peke yake, halafu ndiyo litafutiwe mwenyewe. Nilikuwa kijana, nikaona ni mambo ya wazee. Nimekuja kumwelewa baba mwaka jana, na umri wangu huu wa miaka sitini na moja, tena kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana ulikuwa wa uchaguzi, na kiti cha udiwani wa Lukhasweni kilikuwa wazi. Watu wawili walikitaka. Mmoja alikuwa Maziya, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda, mtu wa koti safi na salamu nyingi. Mwingine alikuwa LaMamba, katibu wa kamati ya maji, mjane wa Shongwe.

Wote wawili walikuwa wamefiwa msimu mmoja. Mke wa Maziya aliugua, akafa mwezi wa tatu. Wiki mbili baadaye lori la magogo likamuua Shongwe. Misiba yote miwili niliitangaza mimi, boma kwa boma, kwa miguu, maana msiba hatuupigii simu, ni aibu. Maziya akashona kipande cheusi begani mwa koti, akakaa nacho mwezi mmoja, kisha akakichoma. Ndiyo mila, hakuiba. LaMamba naye akavaa nguo nyeusi kutoka kichwani hadi vifundoni, ya kuvaliwa miaka miwili. Ndiyo mila pia. Mwenye nguo hiyo hapazi sauti. Mbele za watu haketi kitini, anakaa mkekani na kuinamisha uso. Na haingii kwenye zizi la ng'ombe la chifu, ambamo baraza letu hukaa, kamwe, hata langoni hapiti.

Sasa, mgombea wa udiwani kwetu anapendekezwa wapi? Zizini kwa chifu, kwa mikono kunyooshwa, na sharti mwenyewe awepo na asikike akisema anakubali. Kwa hiyo watu walimhesabu LaMamba kuwa ameanguka kabla ya kusimama. Yeye akasema, nguo imenikataza zizi, haijanikataza simu.

Nilikasirika, sitaki kuficha. Nilimwambia LaNhleko, "Huyu mama hana haya."

LaNhleko alikuwa anachambua majani ya maboga. Hakuinua hata kichwa. "Haya ya nini? Ya kufiwa?"

"Akae chini alie kwanza."

"Maziya alilia lini? Mimi nilimwona anapima misumari siku ya tano."

"Maziya ni mwanaume."

"Aa," alisema LaNhleko. "Kumbe wanaume mnalia kwa mizani."

Jumapili iliyofuata LaMamba akatuma sauti yake kwenye grupu la Lukhasweni, lenye watu mia nne na kitu, pamoja na wale walio migodini huko nje ya nchi. Alisema taratibu, kwa sauti ya chini, kama nguo inavyomtaka. Nitayaweka hapa maneno yake yote, kwa sababu kila kilichofuata kilitokana nayo.

"Watu wa Lukhasweni, mwaka huu nimezika mwenzangu. Maji ya watu kunawa mikono walipotoka kaburini yalibebwa kichwani kilomita nne, na hayakutosha. Waliokuwa nyuma walikwenda kwao na udongo mikononi. Sitaki mtu mwingine wa hapa azikwe hivyo. Tangi letu liko bondeni na linataka dizeli ya kusukuma maji kupanda. Dizeli ikiisha, maji yameisha. Lakini chemchemi iko juu ya shule. Nimepima kwa miguu: kutoka chemchemi mpaka shuleni ni hatua elfu moja mia mbili na kumi, na njia yote ni mteremko. Tangi likihamia shuleni, maji yatashuka yenyewe. Maboma yetu ni themanini na matatu. Kila boma likichimba hatua kumi na tano za mtaro, kazi inatosha, na zinazidi hatua thelathini na tano. Yakikosekana maboma zaidi ya mawili kwa ugonjwa au msiba, hatua zao nitachimba mimi."

Basi. Dakika moja na nusu. Unajua walimjibu nini?

"Hii ni sauti ya matanga, si ya uongozi." "Anatuombea kura kwa machozi." "Marehemu hajapoa, ameshageuzwa ngazi." Mmoja akauliza nani anawapikia watoto mama akiwa milimani anapima hatua. Mwingine akaandika kwamba hatua za mwanamke ni fupi, kwa hiyo hesabu yote ni batili, na huyo ndiye aliyechekesha kuliko wote. Vile vikatuni vinavyotokwa na machozi kwa kicheko vilijaa skrini nzima. Kimoja nilituma mimi. Nimekwambia sitaki kuficha.

Kuhusu maji, hakuna aliyesema neno.

Wiki hiyo hiyo Maziya akatuma picha yake amesimama kando ya kaburi la mkewe, koti limefungwa vifungo vyote, anatazama mbali. Chini ameandika, "Maendeleo kwanza." Watu wakammiminia maua. "Jasiri." "Mwanaume ni kusimama." "Maumivu hayajamwangusha." Naye ana watoto watatu, lakini hakuna aliyeuliza nani anawapikia.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nina orodha yangu ya wazee arobaini na watatu. Walijitoa kwenye grupu kubwa kwa sababu ya kelele, kwa hiyo neno la chifu nawapelekea mimi kwa sauti yangu, wao wanabonyeza wanasikia. Siku moja nilipita kwa LaMamba kumpa habari za chifu za kuchoma majani ya malisho. Nilimkuta mkekani nje ya mlango wa jiko, uso chini. Nikakaa upande wa pili, tukasalimiana, nikatoa ujumbe. Nilipotaka kuondoka akasema, "Baba Magagula, wazee hawamo kwenye grupu. Nipelekee neno langu kwao."

Tarishi hachagui. Kwetu, mwenye boma yeyote akiwa mgonjwa au kafiwa, tarishi ni miguu yake, na kumkatalia ni kuivunja kazi yenyewe. Nikakubali kwa shingo upande.

Nilipofika nyumbani simu ikanigomea. Imejaa picha za wajukuu na za mazishi, ule ujumbe wa LaMamba imekataa kuufungua wala kuusogeza, ila kurekodi sauti fupi inaweza. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikaenda kwenye simu ya LaNhleko, nikayasikiliza maneno ya LaMamba mara mbili, nikarudi kuketi kizingitini, nikasafisha koo, nikabonyeza, nikayasema yote kama yalivyo. Sikuongeza, sikupunguza. Nilipofika kwenye "hatua zao nitachimba mimi" nikanyamaza, nikasubiri kuulizwa.

Nikasubiri, kidole kiko kwenye simu. Ndipo nikakumbuka hakuna mtu mbele yangu, nikaachia. Jina sikulitaja. Nikajiambia, wataniuliza.

LaNhleko alikuwa amesimama mlangoni na kata mkononi. "Umesema vizuri," aliniambia.

"Si yangu."

"Najua si yako. Wewe hujawahi kuhesabu hata kuku."

Wa kwanza kujibu alikuwa mzee Sihlongonyane wa ng'ambo ya mto, mzee wa miaka themanini na minne, aliyekuwa akiogopwa na ng'ombe na watu. "Magagula mwanangu," alisema, "mimi ni mmoja wa walioondoka na udongo mikononi. Nilinawia umande kwenye majani. Nilidhani hakuna aliyeona." Akashindwa kuendelea. Simu ilirekodi pumzi zake tu, kisha ikakatika.

Hakuuliza nani amenituma. Aliyefuata hakuuliza, na aliyefuata naye hakuuliza. Walikuwa wameshajijibu. Sauti ni ya mwanaume, amezika mwenzake mwaka huu, na maji yalipungua kwenye mazishi yote mawili, tena anataka kutuongoza. Ni nani kama si Maziya? Wazee wakawapelekea wana wao, wana wakaitupa kwenye grupu kubwa, na kesho yake mchana, grupu lile lile, watu wale wale, wanasikiliza maneno yale yale ya LaMamba kwa sauti yangu mimi.

"Huyu amekaa akafikiri." "Elfu moja mia mbili na kumi! Mtu amepima kweli." "Udongo mikononi, ndugu zangu, nimelia kazini mbele ya bosi." Yule wa hatua fupi za mwanamke aliandika kwamba hii ndiyo tofauti ya kiongozi na mpiga kelele. Hakuna aliyesema ni sauti ya matanga. Hakuna aliyesema marehemu amegeuzwa ngazi. Hakuna hata aliyekumbuka kwamba ameshayasikia, maana mara ya kwanza walisikia mjane tu.

Na jioni kabla jua halijazama, Maziya mwenyewe akaandika: "Asanteni sana. Tuko pamoja."

Nilichukua simu mbili, yangu na ya LaNhleko, nikaziweka juu ya magoti. Nikaisikiliza ya LaMamba, nikaisikiliza yangu. Nikarudia. Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, mpaka pale anaposita kidogo baada ya "kaburini", na mimi nimesita. Miaka thelathini na minane nimejiona mimi ni mdomo tu, bomba la kupitishia, sina uzito wowote katika neno la mtu. Kumbe koo langu peke yake, kwa kuwa ni la mwanaume, linaweza kuligeuza kosa likawa hekima, na sijafanya lolote ila kuzaliwa nalo. Niliogopa, kwa kweli. Niliogopa kama mtu aliyegundua kwamba mkono wake umekuwa ukimpiga mtu usingizini.

"Waambie," alisema LaNhleko.

"Hawajauliza."

"Waambie hivyo hivyo."

"Tarishi hataji bila kuulizwa."

"Magagula, nikuulize. Sheria ndiyo imekushika, au wewe ndiye umeishika uwe na pa kujificha?"

Alikuwa amepiga penyewe. Indvuna Mavimbela, mkuu wa wazee wa chifu, yule anayeendesha baraza, ni rafiki mkubwa wa Maziya, na tarishi huwekwa na kuondolewa kwa neno la indvuna. Wanasema mjumbe hauawi. Hawakusema hafukuzwi.

Alhamisi nikaenda kwa LaMamba. Nilikaa palepale.

"Nimesikia, baba," alisema kabla sijafungua mdomo. Uso wake ulikuwa chini lakini nilisikia kwamba anatabasamu. "Nimesikia maneno yangu yakisifiwa. Ni mara ya kwanza. Niliyasikiliza mara nne."

"Mwanangu, nimekukosea."

"Hukukosea. Nilikuomba uwafikishie, umewafikishia." Akalaza kiganja mkekani. "Mimi niliyasema yakaishia mlangoni."

"Maziya amepokea sifa."

"Nimeona. Angekuwa amepokea na mtaro, nisingesema kitu. Lakini hana habari mtaro unapita wapi. Atapata kiti, na maji yatabaki kichwani mwetu."

"Jumamosi ndiyo mapendekezo."

"Nitakuja," alisema.

"Huwezi kuingia."

"Siingii. Nitakaa nje, kando ya barabara, mahali nguo inaponiruhusu."

"Utafanya nini huko nje?"

"Nitakaa, baba."

Hakuniomba nimtaje. Nilirudi njia nzima nikitamani angeniomba, ningepata wa kumlaumu.

Jumamosi kulikuwa na baridi ya kung'ata, jani jeupe kwa barafu. Watu walijaa zizini, wanaume mbele na mablanketi yao, wanawake nyuma upande wa lango, wameketi wamekunja miguu. Nje, hatua kama arobaini kutoka langoni, kando ya barabara, kulikuwa na mkeka na mtu wa nguo nyeusi juu yake. Kila aliyeingia alimwona. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Karani wa uchaguzi, binti mmoja mwenye miwani na daftari kubwa, alisoma kanuni. Indvuna Mavimbela akainuka, akataja jina la Maziya, na mikono ikapanda kwa wingi. Maziya akasema anakubali. Hakukuwa na jina jingine. Ingekwisha hapo, watu waende wakaote jua, kama si mzee Sihlongonyane.

"Maziya," alisema, amekaa vilevile na fimbo yake, "kabla hatujafunga, sema tena lile neno lako. Lile la udongo mikononi. Nataka nilisikie kwa mdomo wako."

Maziya akasimama. Akafunga kifungo cha koti. "Mzee wangu, maji ni uhai," alianza. "Na bila maji hakuna maendeleo. Kwa hiyo kama nilivyosema, zile hatua, hatua elfu... hatua nyingi tu." Akatabasamu, akatazama huku na huku, macho yake yakaniangukia. "Bwana tarishi yupo. Yeye ana sauti ya kazi. Aliseme mbele ya baraza, atalisema vizuri kunipita."

Indvuna akanipungia mkono, nisimame.

Nikasimama. Miguu ilikuwa ya baridi lakini koo lilikuwa tayari, halina adabu koo langu. Nikasema yote. Watu wa Lukhasweni, mwaka huu nimezika mwenzangu. Nikasema kuhusu maji yaliyobebwa kichwani, na waliokwenda kwao na udongo, na chemchemi, na mteremko, na maboma themanini na matatu. Watu walikuwa wananitazama mdomo. Wanaume wazima walikuwa wanafuta macho kwa pembe za mablanketi. Nilipofika "hatua zao nitachimba mimi", nikanyamaza.

Nikasubiri.

Wakadhani nimemaliza. Indvuna akasema, "Asante, kaa." Sikukaa. Akasema tena, "Magagula, kaa." Tarishi aliyemaliza ujumbe hakai mpaka aulizwe, na wazee wote pale wanalijua hilo, ila walikuwa wamelisahau kwa ajili ya hizi simu. Nilisimama, mikono pembeni. Nilikuwa naomba mtu yeyote afungue mdomo, na papo hapo naomba asifungue.

Sauti ikatoka nyuma, upande wa lango. Naijua sauti hiyo. Nimeisikia kila siku kwa miaka thelathini ikiniambia nivue viatu.

"Nani amekutuma, Magagula?"

LaNhleko alikuwa amesimama. Wanawake wenzake walimvuta upindo wa nguo, hakukaa. Wengine wakacheka, wakaona mwanamke kachanganyikiwa na baridi, jibu si liko mbele amevaa koti. Lakini swali ni swali. Ni kubwa kuliko indvuna, na ni kubwa kuliko mimi.

"Nimetumwa na LaMamba," nilisema, "mjane wa Shongwe. Yuko pale nje."

Ng'ombe walikuwa wanacheua nyuma ya ukuta na tuliwasikia meno. Maziya alitazama viatu vyake. Niliona shingo yake ikibadilika rangi na nikamwonea huruma, maana hakuiba kwa mkono, alipewa na watu wazima mia nne, akakosa nguvu ya kurudisha.

"Umetudanganya," alisema indvuna.

"Sikuulizwa, mzee."

Akapumua kwa nguvu. Si mtu mbaya Mavimbela. Ni mtu wa mipaka. "Haya. Tumesikia. Lakini mila ni mila. Mwenye nguo nyeusi haingii humu, na asiyekuwepo hapendekezwi. Sikuitunga mimi. Tunaendelea."

Na alikuwa sahihi, ndilo lililokuwa baya. Nikaona ndiyo imekwisha, nimepoteza kazi na LaMamba amepoteza kiti, kwa faida ya nani.

Mzee Sihlongonyane akaanza kuinuka. Alichukua muda, goti moja, halafu la pili, halafu fimbo. Akalikunja blanketi lake akaliweka begani.

"Mzee, unakwenda wapi?" indvuna aliuliza.

"Nje."

"Baraza halijafungwa."

"Sijasema limefungwa. Maneno yale nimeyalilia mimi, mtu wa umri wangu. Machozi hayo niyarudishe wapi sasa?" Akaanza kutembea. "Yeye amekatazwa kuingia humu. Mimi sijakatazwa kutoka."

Akapita katikati ya wanaume, polepole, fimbo inagonga udongo ulioganda. Alipofika kwa wanawake, LaNhleko akampisha, akamfuata. Wakafuata wanawake wawili, kisha safu nzima ya nyuma ikasimama kwa pamoja na nguo zao zikasikika. Mwanaume mmoja akainuka, akakohoa, akatazama chini kama anayetafuta kitu, akaenda. Kisha watano. Kisha sikuweza kuhesabu. Lango la zizi letu ni jembamba, limetengenezwa kwa ng'ombe mmoja mmoja, na watu walipita hivyo hivyo, mmoja mmoja, hakuna aliyesukuma, hakuna aliyeongea. Mimi nimeona mambo. Nimeona mto ukipanda juu ya daraja, nimeona mfalme akipita. Sijaona kitu kikanikausha mate kama kuona baraza likitoka zizini kumfuata mtu aliyekaa chini.

Karani akafunga daftari, akalikumbatia. Indvuna akamwambia, "Binti, wewe kaa."

"Baba," alimjibu kwa heshima, amepiga goti kidogo, "kanuni yangu inasema anayependekezwa awe mbele ya wanaompendekeza. Zizi haikulitaja." Naye akatoka.

Huko nje LaMamba hakuwa amesogea. Watu walimzunguka pande zote, lakini kabla sijaelewa nini kinatokea, mzee Sihlongonyane akajishusha chini kwenye jani lenye barafu, akaketi. Wote wakaketi. Barabarani, kwenye mfereji, kwenye mawe. Mtu mkekani, na hakuna aliyekuwa juu yake hata mmoja.

Mzee akataja jina lake. Mikono ikapanda. Kanuni inataka mikono kumi. Karani alianza kuhesabu kwa kalamu, akafika mia moja na nne, akaishusha kalamu.

"Mama," alimwuliza, "unakubali?"

Na mwenye nguo nyeusi hapazi sauti.

Tulilijua hilo sote kwa wakati mmoja. Mtu mmoja alichomoa simu mfukoni akaizima. Mwingine akazima, na mwingine, vile vilio vidogo vya kuzimika vikapita barabara nzima. Mama mmoja akampa mtoto ziwa kabla hajalia. Sauti ile ile iliyotupiwa vikatuni, iliyoitwa ya matanga, watu karibu mia tatu sasa walikuwa wameshika pumzi wasije wakaikosa.

"Ninakubali," alisema LaMamba. Ilikuwa ndogo sana. Ilifika kwa kila mtu. "Na zile hatua za watakaougua, sijazisahau. Mimi jembe ninalo."

Mzee Sihlongonyane akaanza kucheka huku analia. Nyuma yetu, kutoka langoni mwa zizi, nikasikia jina langu. Indvuna Mavimbela alikuwa amesimama hapo, ndani ya mpaka wake, Maziya pembeni yake, na katikati yetu hatua arobaini.

"Magagula," aliita. "Amesema nini?"

Nilishainuka. Miaka thelathini na minane, mtu akiuliza hivyo, miguu yangu haingoji ruhusa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi na koo limekaa tayari, maneno yake yote yako mdomoni, hakuna lililoongezwa wala lililopungua.

Nikaiachia pumzi, nikaketi tena.

"Mzee," nilimjibu, "njoo umsikie mwenyewe."